Maswali ya Wasomaji: Sahani za kauri, rangi zake na chakula kinachokaa juu yake

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu vyombo vya kauri, vipya na vya urithi. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Neno moja litajirudia sana: glezi, yaani ule utando wa kioo unaong'aa juu ya chombo.

SWALI: Bibi ameniachia seti ya sahani na vikombe vyenye maua mekundu na ya manjano, na ukingoni kuna mstari wa dhahabu. Nasikia vyombo vya zamani vina madini ya risasi. Nivitupe?
*Mrithi mwenye wasiwasi*

JIBU: Subiri kwanza. Chukua sahani moja, iinamishe chini ya taa mpaka mwanga uteleze juu yake, kisha pitisha ncha ya kidole juu ya ua. Mng'aro ukipita juu ya ua bila kukatika, na kidole kisihisi kitu, rangi iko chini ya glezi. Ukiona ua limefifia mng'aro kuliko sehemu nyeupe, au kidole kikakwama kidogo kwenye ukingo wa petali, basi rangi imekaa juu ya glezi, na wasiwasi wako una msingi.

Yote yanatokana na joto la tanuri. Kauri ngumu huchomwa kwa nyuzi 1,300 hadi 1,400 za Selsiasi. Kwenye moto huo glezi ya mawe ya feldispa na kwatzi, pamoja na chokaa, huyeyuka yenyewe bila kuhitaji risasi. Kwa hiyo sahani nyeupe tupu ya kauri ngumu haina la kuogopesha. Shida ni kwamba rangi nyingi haziwezi kuvumilia moto huo. Nyekundu, manjano, waridi na dhahabu huharibika. Mafundi huzipaka chombo kikishaiva, kisha hukirudisha tanurini kwa nyuzi 700 hadi 850 tu. Ili rangi ishike kwa moto mdogo hivyo, huchanganywa na kioo laini kinachoyeyuka mapema, na kwa muda mrefu kioo hicho kilitengenezwa kwa risasi. Rangi kali nyekundu, ya chungwa na ya manjano za karne ya 20 mara nyingi zina kadmiamu pia, metali nyingine yenye sumu. Bluu ya kobalti ina bahati yake: huvumilia moto mkali, kwa hiyo kwa kawaida hupakwa chini ya glezi na kulala humo chini ya kioo.

Risasi iliyofungwa vizuri ndani ya kioo haitoki ovyo. Hutoka pale rangi ilipochomwa kwa joto pungufu, ilipopakwa nene kupita kiasi, au sabuni kali ilipokwisha kuila. Kinachoitoa ni asidi, joto na muda, na vikikutana vyote vitatu ndipo hali inapokuwa mbaya. Mkate mkavu kwenye sahani kwa dakika kumi si sawa na mchuzi wa nyanya uliolala humo usiku kucha. Kahawa, juisi ya machungwa, siki na limau ziko kundi moja na nyanya.

Kipimo cha nyumbani kipo, ingawa kina mipaka yake. Tumia siki nyeupe ya mezani, ambayo asidi yake inakaribia ile asilimia 4 ya asidi ya asetiki inayotumika maabara. Kikombe chenye maua ndani kijaze nusu tu. Sahani, kunja karatasi ya jikoni mara mbili, ilaze juu ya nusu ya ua, mwagia vijiko vitatu vya chakula vya siki, kisha funika kwa karatasi ya nailoni isikauke. Acha saa 24 mahali pa giza, kwa kuwa mwanga huongeza utokaji wa kadmiamu. Suuza, futa kwa kitambaa cheupe, halafu linganisha nusu mbili za ua. Kama upande uliolala kwenye siki umepauka au umekuwa kama vumbi, au kitambaa kimeshika rangi, chombo hicho kisiguse chakula tena. Siki yenyewe mwaga. Kama hakuna kilichobadilika, usishangilie: risasi haina rangi, na inaweza kutoka bila ua kuonyesha dalili yoyote.

Vijiti vya kupimia risasi vinavyogeuka waridi au vyekundu vina kasoro hiyohiyo kwa namna nyingine. Vinaonyesha risasi iliyo juu kabisa ya uso, na havisemi ni kiasi gani kitaingia kwenye chakula. Mashine ya eksrei ya kushika mkononi nayo huhesabu risasi yote iliyopo, hata ile iliyofungwa isiyotoka. Jibu la kuaminika ni la maabara: chombo hujazwa asidi ya asetiki ya asilimia 4, hukaa saa 24 kwa nyuzi 22, kisha maji hayo hupimwa. Omba kipimo cha utokaji. Usilipie kipimo cha jumla ya risasi ukidhani ni kitu kimoja.

Mpaka upate jibu, sisi tungefanya hivi. Vyombo ambavyo maua yako ndani, au juu ya mdomo wa kikombe, tungevipanga kabatini kama pambo. Tunaposema mdomo tunamaanisha milimita 20 za juu upande wa nje, mahali midomo inapogusa. Mtoto mdogo na mama mjamzito wasivitumie kabisa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto hufyonza mara 4 hadi 5 ya anachofyonza mtu mzima kutokana na kiasi kilekile. Kama familia imekunywa chai au kahawa katika vikombe hivyo kila siku kwa miaka, muombeni daktari kipimo cha risasi kwenye damu. Ni kipimo cha kawaida.

SWALI: Kikombe kimoja kimeandikwa kimepimwa kwa kiwango cha Ulaya, kingine cha Marekani. Tofauti ni nini?

JIBU: Ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Agizo la Ulaya namba 84/500/EEC la mwaka 1984 linaruhusu kikombe au bakuli kutoa hadi miligramu 4 za risasi kwa lita katika kile kipimo cha saa 24. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani inachukua hatua kikombe kikifika miligramu 0.5 kwa lita. Kikombe kinachotoa miligramu 3 kwa lita basi kinapita upande mmoja na kuanguka upande mwingine, na ni kikombe kilekile. Sahani bapa, zile zisizozidi kina cha milimita 25, Ulaya huzipima kwa eneo: miligramu 0.8 za risasi na 0.07 za kadmiamu kwa kila desimita ya mraba. Jimbo la California ni kali zaidi, kwani hutaka onyo ikiwa chombo chenye kina kinatoa zaidi ya miligramu 0.1 kwa lita. Ukikuta muuzaji anataja California, amejipima kwa rula ngumu.

Tazama pia chini ya chombo. Alama ya bilauri na uma maana yake kimekusudiwa kugusa chakula. Sahani yenye maandishi kuwa ni ya mapambo tu, au iliyotobolewa tundu makusudi, usiipakulie hata matunda. Tundu lile limewekwa ili mtu asishawishike.

SWALI: Kauri ilianzia wapi hasa? Na ni kweli kwamba iliyotoka Uchina ndiyo ya asili, hizi nyingine ni za kuiga?
*Mpenda historia*

JIBU: Ilianzia Uchina, hilo halina ubishi. Enzi za Tang, kati ya mwaka 618 na 907, wafinyanzi wa kaskazini walikuwa tayari wanatoa vyombo vyeupe vya moto mkali. Mji uliokuja kuwa kitovu ni Jingdezhen, katika jimbo la Jiangxi, ambao mwaka 1004 ulipewa jina la kipindi cha utawala wa mfalme wa wakati huo, Jingde. Karibu na hapo kuna kijiji cha Gaoling, na jina lake ndilo lililozaa neno kaolini, ule udongo mweupe usiogeuka rangi motoni. Kaolini peke yake haitoshi. Huchanganywa na jiwe lililosagwa, ambalo zamani liliuzwa likiwa limekandwa kama matofali madogo meupe. Watu hufananisha kaolini na mfupa, na jiwe hilo na nyama. Mfano mzuri, maana ndivyo tanurini mambo yanavyokwenda: kaolini hushika umbo lisibomoke, na jiwe huyeyuka kuwa kioo kinachoziba kila kitundu. Kwa hiyo kauri iliyoiva hainywi maji, au hunywa chini ya asilimia 0.5 ya uzito wake. Mchanganyiko wa kawaida wa kauri ngumu ya Ulaya ni nusu kaolini, robo feldispa na robo kwatzi.

Vyombo vya bluu na nyeupe vilishamiri Jingdezhen enzi za Yuan, karne ya 14, kwa kobalti iliyoletwa kutoka Uajemi. Ulaya walivinunua na kuvihusudu kwa karne kadhaa bila kujua siri. Wataliano walivipa jina porcellana, ambalo ni jina la kombe wa baharini anayeng'aa. Kiswahili kimefika palepale: kauri ni yule kombe, na kauri ni sahani.

Siri ilipatikana Saxony, Ujerumani ya leo. Mtawala Augustus alikuwa amemfungia kijana mwanaalkemia, Johann Friedrich Böttger, amtengenezee dhahabu. Dhahabu haikupatikana. Akiwa chini ya mwanasayansi Ehrenfried Walther von Tschirnhaus, mwaka 1708 alipata kauri ngumu, na mwaka 1710 kiwanda kikafunguliwa Meissen. Mwanzoni walitumia alabasta kuyeyusha mchanganyiko, feldispa ilikuja baadaye. Kisha mmisionari Mfaransa, François Xavier d'Entrecolles, aliandika kutoka Jingdezhen barua mbili ndefu, mwaka 1712 na 1722, akieleza kazi ya mafundi hatua kwa hatua. Mwaka 1768 kaolini ilipatikana Saint-Yrieix, jirani na Limoges, Ufaransa, na mwaka huohuo William Cookworthy alipata hataza ya kauri ya udongo wa Cornwall, Uingereza.

Kwa hiyo kauri ya Meissen au Limoges si bandia. Ni kitu kilekile kwa kemia, kimetoka mlima mwingine. Na usichanganye asili na usalama. Chapa ya chini hukuambia chombo kimetoka wapi na pengine lini: vyombo vilivyoingia Marekani vililazimishwa na sheria ya ushuru ya 1890, kuanzia 1891, kuonyesha nchi vilikotoka, na vile vya Japani viliandikwa Nippon hadi 1921, kisha Japan. Kilichoandikwa West Germany ni cha kati ya 1949 na 1990. Lakini chapa ya heshima kabisa inaweza kukaa chini ya sahani iliyojaa rangi za risasi, maana chapa ni ya kiwanda, na mara nyingi rangi ilipakwa kwenye karakana nyingine. Isitoshe, mafundi wa Uchina waliandika majina ya wafalme wa zamani kwa kuwaenzi, bila nia ya kumdanganya mtu.

SWALI: Nimeuziwa "kauri" nyepesi ajabu, haivunjiki ikianguka. Nimetapeliwa?

JIBU: Inaelekea ni melamini, yaani plastiki ngumu. Igeuze. Sahani ya kauri karibu kila mara ina pete chini isiyo na glezi, ya kukwaruza kidogo, kwa sababu glezi ikifika pale ingegandia kwenye rafu ya tanuri. Melamini haina pete hiyo. Gonga ukingo kwa kucha: kauri hulia kama kengele ndogo, plastiki hutoa kishindo kifupi. Halafu washa tochi nyuma ya sehemu nyembamba na upitishe vidole katikati, kwani kauri nzuri huonyesha kivuli cha vidole.

Kuhusu udongo wa kawaida uliopakwa glezi, dondoshea tone la maji kwenye hiyo pete ya chini. Likinywewa ndani ya dakika moja na kuacha doa jeusi, si kauri. Kauri hulibakiza tone juu.

Melamini si sumu ikitumika inavyotakiwa, ila haipendi joto. Taasisi ya Ujerumani ya kutathmini athari za vyakula inashauri isizidi nyuzi 70, kwa kuwa juu ya hapo kemikali zake, melamini na formaldehaidi, huanza kutoka kwa wingi, hasa kwenye vitu vichachu. Saladi sawa. Kahawa inayotoka jikoni ikichemka, hapana. Maikrowevu hapana kabisa.

SWALI: Kuna kauri inayoitwa ya mifupa. Ni mifupa kweli?

JIBU: Kweli. Karibu nusu ya mchanganyiko ni majivu ya mifupa, aghalabu ya ng'ombe, robo ni kaolini na robo jiwe la feldispa. Mfinyanzi Josiah Spode wa Stoke-on-Trent, Uingereza, ndiye aliyeipa sura hiyo mwishoni mwa karne ya 18. Mfupa huchomwa mpaka hakuna nyama wala mafuta, hubaki fosfati ya kalsiamu. Hakuna kinachotoka humo kuingia kwenye chakula. Angalizo ni moja tu: glezi yake huchomwa kwa takriban nyuzi 1,100, chini ya ile ya kauri ngumu, na glezi za zamani za aina hii zilitumia risasi. Seti mpya haina shida hiyo ikiwa imepita kipimo. Ya zamani, ichukulie kama seti ya yule mrithi wa juu.

SWALI: Bakuli langu limejaa vistari kama utando wa buibui, na vimegeuka kahawia. Naweza kuendelea kulitumia kwa chakula?

JIBU: Kama bakuli bado lina mlio safi ukiligonga, zile ni nyufa za glezi peke yake. Glezi na mwili wa chombo havikusinyaa kwa kiasi kimoja wakati wa kupoa, glezi ikavutwa mpaka ikapasuka. Katika vyombo vya udongo mwepesi hutokea pia miaka baadaye, kwa kuwa mwili hunywa unyevu na kuvimba. Mlio ukiwa mfu, ufa umepita hadi ndani na bakuli litakuachia siku ukimimina kitu cha moto.

Ukahawia ndio unaoamua. Maana yake mafuta na rangi ya chakula vimekwisha kuingia chini ya glezi, na sponji haifiki huko. Chombo hicho tusingekitumia kwa chakula chenye majimaji, na kama glezi ina risasi, asidi sasa ina njia nyingi zaidi ya kuifikia. Ukitaka kukisafisha kiwe pambo, kiloweke kwenye haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kwa siku mbili tatu, kisha kwenye maji safi siku nzima. Usitumie dawa ya klorini ya kung'arishia nguo: hubaki ndani ya nyufa, hukauka kuwa chumvi na kumegua glezi vipande.

SWALI: Sahani zetu mpya zina mistari ya kijivu kama imechorwa na penseli. Glezi imekwaruzika?

JIBU: La, hiyo ni chuma ya visu na uma wenu iliyobaki juu ya glezi, kwa kuwa glezi ni ngumu kuliko chuma hiyo. Pitisha kucha, hutasikia mfereji. Changanya vijiko vitatu vya soda ya kuokea na kimoja cha maji, sugua kwa kitambaa kibichi kwa mizunguko dakika moja au mbili. Waya wa kusugulia usiuguse. Mistari ikirudi upesi kila mara, glezi imeliwa na sabuni kali ya mashine ya kuosha vyombo na imekuwa na vijishimo vinavyokwangua chuma. Punguza dawa na joto la mashine.

SWALI: Maikrowevu imerusha cheche nilipoweka kikombe chenye mstari wa dhahabu. Kikombe kingine kisicho na dhahabu huwa cha moto kuliko chai yenyewe. Kwa nini?

JIBU: Mstari huo ni dhahabu halisi, nyembamba mno. Mawimbi huusukumia umeme, nao huruka penye pengo. Dhahabu huungua na glezi chini yake inaweza kupasuka, kwa hiyo kikombe hicho kibaki nje ya maikrowevu.

Hicho kingine kimekunywa maji, maana mwili wake si wa kauri iliyoiva, au kina ufa. Kipime hivi: kiweke kikiwa kitupu pembeni mwa glasi yenye mililita 250 za maji, washa nguvu yote kwa dakika moja. Maji yakipata moto na kikombe kikabaki baridi, ni kizuri. Kikombe kikiwa cha moto, usikirudishe humo, maana maji yaliyo ndani ya mwili wake yakigeuka mvuke yanaweza kukipasua mkononi.

SWALI: Gundi gani naweza kuunganishia mpini wa kikombe nikanywee tena?

JIBU: Kwa kunywea, hakuna tunayoipendekeza. Gundi ya epoksi ya kawaida ya dukani hushika vizuri kwenye kauri, lakini nyingi hazikutengenezwa kugusa chakula, na hulainika kwa joto la maji yanayochemka. Mpini ukiachia, kikombe kimejaa na kiko juu ya mapaja. Kitumie kwa kalamu. Kama kilichomeguka ni kibanzi kidogo ukingoni, sugua makali kwa msasa wa maji namba 400 kisha 800 ukiwa umeulowesha ili usivute vumbi lake, na kikombe hicho ukitumie kwa vitu vikavu tu.